Mkono Kabla ya Kalamu: Mwongozo wa Sanaa kwa Watoto Wadogo wa Migato

Uandikishaji wa darasa la awali unapokaribia, wazazi wengi huwa na shughuli mbili. Ya kwanza ni kutafuta sare na daftari. Ya pili ni kumkalisha chini mtoto wa miaka minne au mitano, kumshikisha penseli na kumtaka aandike a, e, i, o, u. Mtoto anakandamiza mpaka ncha inavunjika, herufi zinapinda, mkubwa anagomba, na mtoto anaichukia shule kabla hajaifikia.

Mwongozo huu una neno moja: mtoto huyo anahitaji sanaa kwanza. Kuchora, kufinyanga, kuimba, kucheza ngoma, kuigiza na kusimulia ndiyo mazoezi yanayoandaa mkono, sikio na ulimi kwa kazi ya kusoma na kuandika. Kwenye kata kama Migato, wilayani Itilima mkoani Simiyu, vifaa vya mazoezi hayo viko uani na shambani. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mzima anayejua kuvitumia, na anayejua pia wakati wa kunyamaza.

Umri unaohusika ni mpana. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahesabu utoto wa awali kuanzia miaka 0 hadi 8. Kwa hiyo usisubiri mtoto avae sare. Anza akiwa bado mchanga.

Sanaa inamfanyia nini mtoto

Anza na mkono. Ili mtoto aandike, vidole vitatu vinapaswa kuibana kalamu huku kifundo cha mkono kikizunguka bila kukakamaa. Nguvu hiyo haiji kwa kunakili herufi. Inakuja kwa kukanda udongo, kuuviringisha, kuubana uwe pembe za ng'ombe, kuchora kwa kijiti mchangani na kutunga shanga. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hushika kijiti kwa ngumi nzima. Akiwa amechezea vya kutosha, kufikia miaka mitano au sita vidole vyenyewe vitakuwa vimeshajipanga.

Sikio nalo lina kazi yake. Mtoto anayepiga makofi matatu kwa ki-bu-yu na mawili kwa ng'o-mbe ameshaanza kusikia silabi, na kusoma Kiswahili ni kuunganisha silabi. Nyimbo za kuitikiana, vitendawili na maneno yenye vina vinafanya kazi hiyo bila mtoto kujua kuwa anafundishwa.

Lugha ndiyo inayogusa zaidi watoto wa Simiyu. Wengi wao wanalala na kuamka kwa Kisukuma, kisha darasani wanakutana na Kiswahili. Mtoto anaweza kuwa anajua mengi kuhusu mifugo, mvua na pamba, lakini siku za mwanzo akanyamaza kwa kukosa maneno. Mpe kijiti na mchanga. Atachora zizi, ndama na mtu anayekamua. Hapo mwalimu anayaona anayoyajua mtoto, anampa maneno ya Kiswahili moja baada ya jingine, na mazungumzo yanaanza. Nyumbani mwache asimulie mchoro wake kwa Kisukuma kwa kirefu. Aliyezoea kupanga habari katika lugha ya kwanza huipanga kwa urahisi zaidi katika ya pili.

Hesabu imejificha humo humo. Mtoto aliyefinyanga ng'ombe kumi huwapanga wakubwa na wadogo, hutenga ndama, huwaingiza zizini wawili wawili, na anajua mara moja mmoja akipotea. Kipimo, mpangilio, idadi na kulinganisha vyote vimo katika mchezo huo.

Mwisho kuna moyo. Ng'ombe wa udongo akivunjika pembe, mtoto anajifunza kuanza upya. Kopo la kupigia likiwa moja na watoto wanne, anajifunza kungoja zamu. Na mtoto aliyepatwa na hofu au msiba mara nyingine huchora asichoweza kukisema.

Ila usidai zaidi ya hapo. Hakuna wimbo unaogeuza mtoto kuwa mwerevu kwa siku moja. Utafiti wa mwaka 1993 uliozaa imani kwamba muziki wa Mozart unaongeza akili ulifanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu, na matokeo yake yalidumu dakika chache tu. Kinachomjenga mtoto ni kufanya kwa mikono yake, mara nyingi, pamoja na mtu anayemsikiliza.

Jambo hili si geni hapa

Mzazi anaweza kudhani sanaa ya watoto ni mambo ya shule za kulipia za mjini. Usukuma una hoja tofauti. Jamii hii imekuwa na mashindano ya ngoma kati ya makundi ya Bagalu na Bagika tangu enzi za mababu, na jina la Ng'wanamalundi, manju (kiongozi wa ngoma) na mganga aliyefariki mwaka 1936, bado linatajwa kila panapozungumzwa uchezaji. Katika bugobogobo, ngoma na jembe ni kitu kimoja: watu wanalima kwa mdundo. Mwaka 1953 mtafiti Hans Cory alichapisha kitabu kizima juu ya michoro ya ukutani ya vyama vya wacheza nyoka wa Tanganyika, na sehemu kubwa ya aliyoyaona yalikuwa ya Usukumani. Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Mwanza, yanahifadhi ngoma na vyombo vya kazi hizo. Na shikome, moto wa jioni ambapo wazee husimulia na vijana husikiliza, ni shule ya kusimulia iliyokuwepo kabla ya ubao na chaki.

Serikali nayo imeliweka wazi. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulitaja umahiri mkuu sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii, na kumudu stadi za awali za kihisabati. Sanaa ilipewa nafasi yake sawa na hesabu. Mwalimu anayewatoa watoto nje wakafinyange hapotezi kipindi. Anafundisha kilichoandikwa.

Vifaa: pa kuvipata na namna ya kuvitengeneza

Udongo wa kufinyanga. Udongo mweusi wa mbuga unashikana vizuri lakini ukikauka unapasuka. Dawa yake ni kuuchanganya na mchanga laini wa luseni, yaani udongo wa kichanga: mafungu matatu ya udongo kwa fungu moja la mchanga ni mwanzo mzuri, kisha rekebisha kadiri unavyouona. Udongo wa kichuguu nao unafaa sana. Chimba kwenda chini kidogo, usichukue ule wa juu uliokanyagwa na mifugo. Toa mawe na mizizi, loweka usiku kucha, kisha kanda mpaka usigande vidoleni. Utunze ndani ya kiroba kilicholowa, kivulini. Kazi zilizokamilika zianikwe kivulini pia, kwa kuwa jua kali huzipasua.

Rangi. Nyekundu inatoka kwenye udongo mwekundu uliochekechwa. Nyeusi ni mkaa uliotwangwa. Njano ni binzari. Kijani ni majani ya kunde au mchicha yaliyopondwa, ingawa hufifia haraka. Nyeupe ni vipande vya chaki vilivyosagwa. Vipande vilivyobaki ubaoni havina haja ya kutupwa. Usitumie majivu badala ya chaki, maana majivu yakilowa yanachoma ngozi na macho.

Ili rangi ishike, tengeneza gundi ya wanga. Koroga kijiko kimoja cha unga wa muhogo katika kikombe cha maji baridi, pasha moto huku ukikoroga mpaka iwe nzito, acha ipoe, kisha ichanganye na rangi. Gundi hiyo hiyo inabandika karatasi na majani. Haimalizi unga wa nyumba, kijiko kimoja kinatosha watoto watano.

Brashi na kalamu. Kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha ni brashi nzuri. Unyoya wa kuku unachora mistari myembamba. Ndala iliyokatika inakatwa vipande vya duara, pembetatu na mraba, ikichovywa kwenye rangi inakuwa muhuri.

Pa kuchorea. Ardhi iliyofagiliwa ni ubao usioisha. Ongeza maboksi ya dukani, upande wa ndani wa pakiti za unga, mawe bapa, vigae, na ukuta wa nyuma wa jiko kama baba na mama mmekubaliana.

Vya kuundia. Mabua ya mahindi na mtama yanatoa magari, nyumba na mizinga ya nyuki. Magunzi ni wanasesere tayari, yakisubiri kitambaa tu. Visoda vilivyopondwa vikatundikwa kwenye waya vinakuwa njuga. Kopo lililofunikwa kwa nailoni na kukazwa kwa mpira ni ngoma. Kibuyu kidogo chenye choroko ndani ni kayamba, ilimradi mdomo wake umezibwa imara.

Mwenye kudhani kuwa vifaa vya namna hii ni umaskini akumbuke Mombasa ya miaka ya 1980. Huko Bi Swafiya Said aliongoza shule za awali za madrasa zilizoungwa mkono na Aga Khan Foundation, na walimu wake walifundisha kwa vitu walivyookota na kutengeneza wenyewe katika mazingira yao. Mpango huo ulienea hadi Zanzibar na Uganda.

Nini kwa umri upi

Kuzaliwa hadi mwaka 1. Kazi ni yako, mlezi. Imba wakati wa kumwogesha na kumnyonyesha. Piga makofi taratibu, umwangalie usoni, ungoje atoe sauti au acheke kukujibu, kisha uendelee. Mpe vitu vikubwa visivyoingia mdomoni: mwiko safi, bakuli, kitambaa chenye mistari myeusi na myeupe.

Mwaka 1 hadi 3. Huu ni umri wa kukwaruza. Mtoto anachora kwa sababu mkono unaacha alama, na alama hiyo inamshangaza. Rhoda Kellogg, Mmarekani aliyekusanya michoro ya watoto wa nchi nyingi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 aina 20 za mikwaruzo ya msingi inayojirudia duniani kote. Kwa hiyo usiseme mtoto wako anachafua. Mpe kijiti kinene na mchanga, udongo laini wa kubonyeza, na maji ya kuchorea ukutani ambayo jua litayakausha. Karibu na miaka miwili ataweza kuiga mstari uliosimama. Karibu na miaka mitatu atafunga duara.

Miaka 3 hadi 5. Sasa anaanza kuvipa vitu majina. Atachora mtu mwenye kichwa kikubwa na miguu inayotoka kichwani moja kwa moja. Usimsahihishe, hatua hiyo ni ya watoto wa kila mahali. Ongeza ufinyanzi wa mifugo, mihuri ya ndala, kutunga mbegu kubwa, kuigiza sokoni na zahanati, na hadithi zenye wimbo wa kuitikia katikati. Kwa kawaida msalaba unawezekana karibu na miaka minne, mraba kati ya minne na mitano, pembetatu karibu na mitano. Ukimwona anaviweza, ujue mkono unakaribia herufi.

Miaka 5 hadi 8. Mpe kazi ya siku kadhaa: kijiji cha udongo chenye barabara, kisima na duka, gari la mabua linaloweza kubeba mzigo, kitabu cha kurasa nne kilichoshonwa kwa uzi, yeye achore na wewe uandike maneno anayoyasema. Akianza kuandika jina lake chini ya mchoro bila kuambiwa, usiongeze shinikizo. Ameshaingia njia ya kuandika kwa miguu yake mwenyewe.

Maneno ya kumwambia, na ya kuyaacha

Hapa ndipo wakubwa wengi wanaharibu, na mara nyingi kwa nia njema.

Usimshike mkono ukamchorea. Ng'ombe atatoka mzuri, lakini atakuwa wako. Akikuomba umchoree, mjibu kwa swali: ng'ombe wetu yule mwenye baka, pembe zake zimeelekea wapi? Mwende mkamtazame zizini, kisha arudi kuchora.

Usianze na "Hii ni nini?" Swali hilo linamlazimisha mtoto wa miaka miwili kutoa jina la kitu ambacho hakukikusudia. Sema "Niambie habari za mchoro wako," au taja unachokiona: "Naona umezungusha mstari mpaka umerudi ulikoanzia." Kisha nyamaza. Ukimya wako ndio unaompa nafasi ya kutafuta maneno.

Usilinganishe. Kumwambia mtoto kuwa dada yake anachora vizuri kuliko yeye kunamfundisha kitu kimoja, kuacha.

Usilipe kwa pipi. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti juu ya watoto wa miaka 3 hadi 5 waliokuwa wanapenda kuchora, katika shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe iwapo watachora. Wiki chache baadaye, zawadi ilipokuwa haipo tena, watoto hao walichora kwa karibu nusu ya muda waliotumia wenzao ambao hawakuahidiwa chochote. Zawadi ilikuwa imeigeuza raha kuwa kibarua. Mpe mtoto muda wako na uitundike kazi yake ukutani, inatosha.

Na usiigawe sanaa kwa jinsia. Msichana afinyange ng'ombe na kuunda gari la mabua. Mvulana atunge shanga na kumvisha mwanasesere wa gunzi. Vidole ni vile vile, na kalamu itakuwa ile ile.

Usalama kwanza, hasa nchi ya pamba

Simiyu inaongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na hilo linaleta hatari zake. Yasome haya kabla hujamkusanyia mtoto vifaa.

Chupa na makopo ya viuatilifu yasitumike kwa mchezo wowote, hata yakioshwa mara kumi. Usitengeneze ngoma, gari wala kikombe cha rangi kwa chombo kilichobeba dawa ya pamba.

Mbegu za pamba za kupandia huwa zimetiwa dawa. Zisitungwe, zisitiwe kwenye kayamba, zisibandikwe. Tumia choroko, dengu au mahindi ya chakula.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe mbegu, shanga wala visoda. Vinaingia puani, masikioni na kooni.

Betri zilizokwisha zina unga mweusi unaowavutia watoto wanaotafuta rangi. Zitupwe mbali nao, mkaa unatosha.

Udongo uchimbwe na mtu mzima. Malambo na madimbwi yana hatari ya kuzama na ya kichocho, hivyo mtoto asitumwe huko kutafuta mfinyanzi. Kwenye kichuguu, kagua kwanza mashimo, nyoka hupenda kukaa humo.

Baada ya kila kazi, mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kucha zikiwa fupi. Mtoto anayekula udongo mara kwa mara apelekwe zahanati, kwani huenda ana upungufu wa damu au minyoo.

Visu, sindano na waya wenye ncha kali ni vya mkubwa. Mtoto achague umbo, wewe ukate.

Wakati wa kufanya, hata msimu wa kazi

Mzazi atasema: nitapata wapi muda, na pamba inasubiri? Mtoto hahitaji saa nzima. Dakika kumi na tano za makini zinamtosha mtoto wa miaka mitatu, na nusu saa mtoto wa miaka mitano. Sanaa pia inaingia ndani ya kazi unazozifanya tayari.

Wakati wa palizi, mtoto awe kwenye kivuli cha mti pamoja na bibi au dada mkubwa, akiwa na kijiti na eneo lililofagiliwa. Ukienda kupumzika, mwambie akusimulie alichochora. Wakati wa kuvuna, imbeni wimbo wa kuhesabu mnapotia pamba kwenye mfuko. Ukimenya viazi vya michembe, mpe vipande vya kupanga kwa ukubwa kabla ya kuanikwa. Jioni ugali ukisongwa, piga mdundo kwenye sufuria tupu, yeye aurudie, kisha aongeze wake. Baada ya chakula, babu atoe hadithi fupi, na mtoto aigize fisi au sungura.

Ukitaka utaratibu wa wiki, chukua huu: siku mbili za udongo, siku mbili za kuchora, siku moja ya kuunda kwa mabua na makopo, na nyimbo na hadithi kila jioni. Siku mbili zilizobaki mtoto achague mwenyewe. Kurudia si kosa. Mtoto anayefinyanga ng'ombe yule yule kwa wiki tatu anatafuta kitu, mwache akipate.

Baba, hili ni lako pia. Mtoto anayemwona baba yake amechuchumaa akimwuliza habari za ng'ombe wa udongo anajua kwamba anachokifanya kina thamani.

Kwa mwalimu wa darasa la awali

Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini wewe unajua idadi iliyo mbele yako. Darasa likiwa kubwa, usijaribu kuwafanyisha wote kitu kimoja kwa wakati mmoja ndani ya chumba.

Watoe nje. Gawa uwanja kwa kamba katika vituo: mchanga, udongo, muziki, hadithi, kuunda. Kila kikundi kikae kituo kimoja kwa dakika ishirini, kengele ikilia kihame. Wewe kaa kwenye kituo kinachohitaji maneno mengi, yaani hadithi, na uwaombe wanafunzi wa madarasa ya juu au wazazi wa zamu waangalie vingine. Mkoa huu umeshawahi kuona jambo hilo likifanyika: kupitia mpango wa EQUIP-Tanzania wa kuwaandaa watoto kuanza shule, wasaidizi wa walimu kutoka ndani ya jamii waliwafundisha watoto kwa hadithi, nyimbo na michezo katika vijiji ambavyo shule ilikuwa mbali.

Kona ya sanaa darasani isiwe pambo la kuonyesha wakaguzi. Vifaa vilivyotundikwa juu ambavyo mtoto havifikii havimfundishi kitu. Viweke chini, kwenye maboksi, na umfundishe kila mmoja kurudisha alichokichukua.

Kazi za watoto zitundikwe zote, zikiwa na majina yao, kwa usawa wa macho yao. Epuka kuwapa wote mchoro mmoja wa kupaka rangi. Michoro 60 inayofanana inaonyesha uwezo wa mwalimu kunakili, haisemi lolote juu ya watoto.

Kila mwezi, hifadhi kazi moja ya kila mtoto yenye tarehe. Mwisho wa muhula, mwite mzazi mkaziangalie pamoja kwa mpangilio. Ataona mikwaruzo ikigeuka duara, duara likipata macho, na mtu akipata vidole. Ushahidi huo utamshawishi kuliko alama za mtihani.

Mtoto mwenye mahitaji maalumu

Mwenye ualbino afanyie kazi kivulini, akiwa na kofia na mikono mirefu, na asogee karibu na kazi kadiri anavyotaka. Mkaa mweusi kwenye chaki nyeupe unaonekana vizuri zaidi kwa macho yenye uoni hafifu. Asiyeona apewe udongo, mbegu, majani makavu na ala za muziki. Atachora kwa kubandika kamba kwenye boksi na kuifuata kwa kidole. Mwenye mkono dhaifu afungiwe kitambaa kwenye kijiti ili kinenepe. Asiyesikia anapata mdundo akiweka kiganja juu ya ngoma, na kuchora kunampa njia ya kuongea na wenzake. Ikiwa mtoto wa miaka mitatu hashiki kitu, haitikii jina lake au haangalii uso wa mtu, usimsubirie, mpeleke kituo cha afya akaangaliwe.

Utajuaje kuwa inafaa

Baada ya miezi michache, angalia mambo haya. Je, anakaa na kazi moja muda mrefu kuliko mwanzo? Anasimulia kwa sentensi ndefu, zenye "halafu" na "kwa sababu"? Anapiga makofi sawa na silabi? Anashika kijiti kwa vidole badala ya ngumi? Kazi ikiharibika, anaanza tena badala ya kulia? Ukijibu ndiyo kwa mengi kati ya hayo, mtoto wako anajiandaa kwa shule hata kama bado hajaandika herufi hata moja.

Penseli na daftari vitapata wakati wake. Kabla ya hapo, jioni hii fagia kipande cha uwanja, mpe mtoto kijiti, chuchumaa pembeni yake na umwambie akuchoree siku yake ilivyokwenda. Gharama yote ni sabuni ya kunawa mikono.